Njia, Maji na Picha: Biashara ya Wapiga Picha wa Watalii ukingoni mwa Grand Canyon

Historia ya upigaji picha katika hifadhi za taifa za Marekani imeandikwa zaidi kwa kufuata majina ya mabingwa wachache waliopiga picha za milima, maporomoko na majabali yasiyo na mtu ndani yake, kiasi kwamba aina nyingine ya picha, ambayo ndiyo iliyoingia majumbani mwa watu wengi na kukaa katika albamu za familia kwa vizazi kadhaa, imeachwa pembeni kana kwamba haikuwa na neno la kumwambia mwanahistoria. Aina hiyo ni picha ya mtalii mwenyewe, aliyepigwa akiwa mbele ya kivutio alichosafiri kukiona na kuuziwa siku hiyohiyo kama kumbukumbu. Makala haya yanaifuatilia picha ya namna hiyo mahali pamoja, yaani kwenye ukingo wa kusini wa Grand Canyon katika jimbo la Arizona, tangu mwaka 1903 hadi 1976, na hoja yake ni kwamba sura ya picha hiyo, pamoja na watu waliomo na wasiomo ndani yake, iliamuliwa na nani aliyemiliki njia, mahali yalipopatikana maji, na saa chache alizokuwa nazo mgeni kabla ya kuondoka, kuliko ilivyoamuliwa na jicho la fundi aliyeshika kamera.

Grand Canyon ni korongo lililochimbwa na Mto Colorado kwa mamilioni ya miaka, lenye urefu wa kilomita 446 kwa kufuata mkondo wa mto, upana unaofikia kilomita 29, na kina kinachozidi kilomita moja na nusu. Wapiga picha wa kwanza waliofika huko hawakuwa na habari na watalii, kwa maana walikuwa watumishi wa misafara ya upimaji ardhi iliyogharimiwa na serikali, kama Timothy O'Sullivan, aliyefuatana na msafara wa Luteni Wheeler mwaka 1871, na John Hillers, aliyeanza kama mpiga makasia katika msafara wa pili wa John Wesley Powell akaishia kuwa mpiga picha wake mwaka uliofuata. Watu hao walitumia bamba bichi, yaani kipande cha kioo kilichopakwa dawa papo hapo, kikatiwa ndani ya kamera na kusafishwa kabla dawa haijakauka, hivyo kila walipokwenda walilazimika kubeba hema la giza, chupa za kemikali na maji. Kazi ya namna hiyo ilifaa kupiga picha za miamba, ambayo haina haraka, lakini isingeweza kamwe kuwa biashara ya kumpiga picha mpita njia na kumkabidhi kabla ya jua kutua.

Mambo mawili yalibadilisha hali hiyo. La kwanza ni bamba kavu, ambalo tangu miaka ya 1880 lilitengenezwa viwandani likiwa limepakwa tayari mchanganyiko wa jelatini na chumvi za fedha, nalo liliweza kutunzwa gizani kwa muda mrefu kabla na baada ya kupigiwa picha, maana yake picha ingeweza kupigwa mahali pamoja na kusafishwa mahali pengine kabisa. La pili ni reli. Hadi mwishoni mwa karne ya 19 mgeni alifika ukingoni kwa gari la farasi, safari ya kuchosha iliyochukua siku nzima kutoka mji wa Flagstaff, lakini tarehe 17 Septemba 1901 treni ya kwanza ya abiria iliingia kutoka mji wa Williams, umbali wa maili 64, kwa nauli ya dola 3.95. Tangu siku hiyo korongo lilipata wageni wa kipato cha kati waliokuja kwa siku moja au mbili, wakitaka kushuka, kupanda, kula na kuondoka, na ni katika ufinyu huo wa muda ndipo biashara ya picha ilipopata nafasi yake.

Ndugu wawili kutoka Pennsylvania, Ellsworth na Emery Kolb, walifika huko wakati huohuo. Ellsworth, aliyekuwa mkubwa, alitangulia mwaka 1901 na kupata kazi hotelini, na mdogo wake Emery, aliyezaliwa 1881, akamfuata mwaka 1902 kwa ahadi ya kazi ya mgodini ambayo haikutimia. Badala ya mgodi Emery aliona duka la picha lililokuwa likiuzwa mjini Williams, wakalinunua, na kufikia 1903 ndugu hao walikuwa wamesimamisha hema kwenye mwanzo wa njia ya Bright Angel, mahali pale pale ambapo wageni waliopanda nyumbu walianza kuteremka. Nyumbu anayetajwa hapa ni yule azaliwaye kwa punda dume na farasi jike, aitwaye pia baghala, wala si yule wa mbuga za Serengeti, na alipendelewa katika njia za magenge kwa sababu ya uthabiti wa kwato zake. Mwaka 1904 hema lilipisha nyumba ya mbao iliyojengwa kwenye genge, ikining'inia juu ya korongo, nyumba ambayo iliongezwa vyumba mara kadhaa na ambayo imesimama mpaka leo.

Mahali hapo hapakupatikana kwa bahati. Njia ya Bright Angel ilikuwa kwanza njia ya Wahavasupai, watu wenyeji wa korongo hilo, waliyoitumia kushukia mashamba yao ya chini yenye chemchemi, na mwaka 1890 na 1891 watafutaji madini, akiwamo Ralph Cameron, waliipanua ili wapitishe wanyama wa mizigo. Madini hayakuwapa faida kubwa, lakini watalii waliwapa. Cameron aliifanya njia ya kulipia na kutoza dola moja kwa kila mpanda nyumbu, kisha akajitwalia maeneo muhimu ya kando ya njia kwa kuyaandikisha kama madai ya uchimbaji, yaani haki ambayo sheria ya Marekani ilimpa mtu yeyote aliyedai kuona madini katika ardhi ya umma. Studio ya akina Kolb ilisimama juu ya ardhi iliyodaiwa na Cameron, nao kwa upande wao walimkusanyia ushuru wa njia. Mpiga picha na mtoza ushuru walikuwa, kwa hiyo, mtu yule yule mlangoni, na hakuna mgeni aliyeshuka bila kupita mbele yake, jambo ambalo linaeleza uimara wa biashara hiyo kuliko sifa yoyote ya ufundi.

Picha yenyewe ina umbo linalotambulika mara moja na mtu aliyewahi kuona mbili tatu. Katika kona ya njia iliyo chini kidogo ya studio, msafara unasimamishwa ukiwa umejipanga kwa mshazari kando ya ukuta wa mwamba, kiongozi akiwa mbele kabisa, na nyuma yake wageni wanane, kumi au zaidi, kofia zimefungwa kwa utepe chini ya kidevu ili zisichukuliwe na upepo, wanawake wakiwa na sketi nzito ndefu, na nyuso zote zimeinuliwa kumtazama mpiga picha aliye juu yao. Nyumbu tu ndio wasiotazama kamera. Ndugu hao walipoimarika waliijengea kazi hii dirisha dogo lililoelekea njiani, kwa hiyo kamera haikuhitaji hata kutoka nje, na kwa miaka mingi umbali, pembe na ukuta ule wa mwamba havikubadilika, walibadilika wageni tu. Linalostahili kuzingatiwa ni kwamba picha hiyo, ambayo mgeni aliipeleka kwao kuwa ushahidi kwamba aliteremka Grand Canyon, ilipigwa kabla hajateremka kitu. Hofu iliyo usoni mwa baadhi ya wapandaji ni ya kweli, lakini ni hofu ya mtu anayeanza, kwa sababu huko chini, ambako jambo lenyewe lilitokea, hakukuwa na studio.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini wageni hao walilipia picha ilhali kamera za mkononi zilikuwa zimeenea. Kampuni ya Kodak ilikuwa imetoa kamera ya filamu ya kuviringishwa tangu 1888, na mwaka 1900 ikatoa Brownie iliyouzwa kwa dola moja tu, kiasi kwamba wengi waliofika ukingoni walikuja na kamera zao. Jibu limo katika mazingira ya kazi yenyewe: aliyepanda nyumbu kwenye njia nyembamba hawezi kujipiga picha, na mwenzake aliye mbele au nyuma yake humuona mgongo au uso wa mnyama, wala hana nafasi ya kushuka na kurudi nyuma ili aupate msafara wote. Alihitajika mtu asiye msafiri, aliyesimama nje ya msafara na juu yake. Kuenea kwa kamera za bei nafuu hakukuiua kazi ya studio, bali kuliigawa, kwani mgeni aliipiga picha mandhari kwa mkono wake mwenyewe na kumwachia fundi kumpiga picha yeye.

Tatizo kubwa lilikuwa maji. Ukingo wa kusini ni mkavu, kwa sababu mvua na theluji hupenya ndani ya mawe ya chokaa na kutokeza chini sana kama chemchemi, hivyo maji ya hoteli yaliletwa kwa mabehewa ya treni kutoka Del Rio, umbali wa takribani maili 120, na kila ndoo ilikuwa na bei yake. Fundi wa picha hawezi kufanya ubahili wa maji. Bamba likishapigwa, hutiwa katika dawa ya kuibua sura, kisha katika haipo, ambayo ni chumvi inayoondoa fedha isiyopigwa na mwanga ili picha isiendelee kuwa nyeusi, na baada ya hapo lazima lioshwe kwa maji mengi yanayobadilishwa mara kwa mara, kwa maana haipo ikibaki ndani ya jelatini picha hugeuka manjano na kufifia kwa miaka, na maji yakiwa na tope chembe za mchanga hunasa katika jelatini iliyolainika na kuacha madoa katika kila nakala itakayotolewa. Mwanzoni ndugu hao walitumia shimo la mgodi uliotelekezwa karibu na ukingo, wakafunika mdomo wake kwa blanketi ili wapate giza, lakini giza bila maji safi halikutosha.

Maji safi yalikuwa Indian Garden, kijibonde cha kijani kibichi kilicho katikati ya mteremko, maili nne na nusu chini kwa njia ya Bright Angel na zaidi ya meta 900 chini ya ukingo. Huko ndiko walikojenga chumba cha giza, na hapo ndipo ulipoanza utaratibu ambao pengine hauna mfano katika historia ya ufundi huu. Asubuhi msafara ulipigwa picha. Mara Emery akafunga mabamba yake na kuteremka mbio kwa miguu, akiwapita wanyama njiani, akafika Indian Garden, akasafisha na kuosha mabamba, kisha akapanda tena mbio ili wageni warudipo ukingoni, wakiwa na vumbi na uchovu, wakute picha zao zikiwa tayari za kuagizwa. Jumla ni maili tisa, yaani zaidi ya kilomita 14, pamoja na kupanda meta 900 katika joto ambalo kiangazi huongezeka kadiri mtu anavyoshuka. Emery alikuwa mtu mfupi na mwepesi, na mwendo huu aliurudia siku baada ya siku kwa miaka. Inafaa kusisitizwa kwamba haraka hii haikuwa mbwembwe ya vijana wapenda milima: mgeni aliyepanda treni ya jioni bila kuiona picha yake alikuwa mteja aliyepotea, na kila kitu katika kazi hiyo, tangu aina ya bamba hadi misuli ya mkimbiaji, kilipangwa kwa kufuata saa ya treni.

Biashara yenye faida haikosi mshindani, na mshindani wa akina Kolb alikuwa mkubwa kuliko wao kwa kila kipimo. Kampuni ya Fred Harvey, iliyoendesha hoteli na migahawa katika njia ya reli ya Santa Fe, ilifungua hoteli ya fahari ya El Tovar mapema mwaka 1905, nayo iliuza postikadi za rangi za korongo zilizochapwa kwa maelfu na kampuni ya uchapaji ya Detroit. Mwaka 1914 Harvey na Santa Fe walifungua Lookout Studio, jengo la mawe lililobuniwa na msanifu Mary Colter kwa ustadi kiasi cha kuonekana kama sehemu ya genge, lenye darubini, kadi na picha za kuuza, na likawekwa mahali ambapo mgeni atokaye hotelini hulifikia kabla ya kufika kwa akina Kolb. Makusudi yalikuwa dhahiri. Hata hivyo duka hilo halikuweza kuhamisha kona ya njia ambapo nyumbu walipita, na hapo ndipo ilipokuwa nguvu ya ndugu wawili.

Ushindani huo ndio unaosaidia kuielewa safari yao maarufu ya mto, ambayo kwa kawaida husimuliwa kama ushujaa mtupu. Septemba 1911 Ellsworth na Emery waliondoka Green River, Wyoming, wakiwa na mashua mbili na kamera ya sinema, wakapita maporomoko ya mito ya Green na Colorado, na kufika Needles, California, Januari 1912 wakiwa na picha za kwanza za sinema za safari ya namna hiyo. Toleo la Agosti 1914 la jarida la National Geographic lilitoa sehemu kubwa kwa maelezo na picha zao, na kuanzia 1915 sinema ilionyeshwa katika ukumbi ulioongezwa kwenye studio, Emery akiieleza kwa sauti yake mwenyewe. Hapa mpiga picha alipata kitu ambacho kampuni kubwa isingeweza kukinunua, yaani sifa ya kuwa yeye mwenyewe ni sehemu ya kivutio, na mgeni aliyetazama sinema alitoka akiwa tayari kununua picha yake kwa mtu aliyemwona akipambana na mawimbi.

Kuna upande wa historia hii ambao picha zenyewe hazionyeshi. Indian Garden, ambako mabamba yalioshwa, palikuwa shamba la Wahavasupai, waliolima mahindi, maboga na maharage kwa maji ya chemchemi ile ile. Mwaka 1882 serikali ilikuwa imewatengea eka 518 tu katika korongo la pembeni, ikihesabu kila mahali pengine kuwa ardhi ya umma. Rais Theodore Roosevelt, ambaye wasomaji wa Afrika Mashariki wanamfahamu zaidi kwa msafara wake wa uwindaji wa 1909, alizuru korongo mwaka 1903 akatoa wito liachwe kama lilivyo, na mwaka 1908 akalitangaza kuwa eneo la kumbukumbu la taifa, lakini katika kuliacha kama lilivyo hawakuhesabiwa watu waliokuwa wakiishi ndani yake. Mwaka 1928 Wahavasupai wa mwisho waliobaki Indian Garden waliondolewa na uongozi wa hifadhi. Kwa robo karne, basi, mkimbiaji wa picha na wakulima hao walitumia maji mamoja, ilhali biashara iliyofanyika juu ya genge ilihitaji mgeni aamini kwamba anateremkia mahali pasipo na mwenyewe. Sehemu ya haki yao ya ardhi ilirudi kwa sheria ya 1975, iliyowarejeshea Wahavasupai eka zipatazo 185,000.

Cameron naye alipoteza, ingawa kwa namna nyingine. Mwaka 1919 Bunge la Marekani lilifanya Grand Canyon kuwa hifadhi ya taifa, na mwaka 1920 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba madai yake ya uchimbaji hayakuwa na nguvu na kwamba Rais alikuwa na mamlaka ya kuitangaza ardhi hiyo kuwa ya kuhifadhiwa. Njia ya Bright Angel iliingia mikononi mwa serikali kuu mwaka 1928. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 reli ya Santa Fe ilijenga mtambo wa kusukuma maji kutoka Indian Garden hadi ukingoni, na kwa bomba hilo sababu ya mbio za Emery ikaisha.

Studio, hata hivyo, haikuisha. Ndugu hao walikuwa wametengana mwaka 1924, Ellsworth akahamia Los Angeles, ambako alifariki mwaka 1960, na inasimuliwa kwamba waliamua kwa kurusha sarafu nani abaki. Emery alibaki na mkewe Blanche na binti yao Edith, akaendelea kupiga picha za misafara na kuonyesha sinema ile ile, huku Idara ya Hifadhi za Taifa ikiliona jengo lake kama kizuizi cha mandhari ambacho siku moja kingebomolewa. Mwaka 1962 alikubali kuliuza kwa serikali kwa sharti la kuishi humo hadi kifo chake. Muda huo aliojiwekea ulitosha kuliokoa, kwa kuwa sheria ya 1966 ya kuhifadhi majengo ya kihistoria ilikuta studio bado imesimama na tayari ina zaidi ya miaka 50, na Emery alipofariki Desemba 1976, akiwa na umri wa miaka 95, kuibomoa hakukuwa tena jambo jepesi. Jengo lilikarabatiwa na sasa ni mahali pa maonyesho.

Mabamba, nakala na karatasi za studio hiyo zimehifadhiwa katika Maktaba ya Cline ya Chuo Kikuu cha Northern Arizona, mjini Flagstaff. Watafiti wengi huziendea kwa ajili ya picha za mto, na hilo si ajabu, lakini zile za misafara ya nyumbu zina utajiri ambao haujatumiwa ipasavyo: kona ile ile imepigwa kutoka mahali pale pale kwa miongo kadhaa, hivyo mtu anaweza kufuata jinsi ukuta wa njia ulivyoimarishwa, jinsi sketi ilivyopisha suruali kwa wanawake, jinsi ukubwa wa misafara ulivyobadilika, na nani waliokuwa na uwezo wa kulipia safari na nani wasioonekana kamwe isipokuwa kama viongozi. Anayezisoma leo atahitaji pia kuwa makini na majina ya mahali, kwa maana maelezo mengi ya zamani yanataja Indian Garden, jina ambalo Novemba 2022 bodi ya majina ya kijiografia ya Marekani ililibadilisha kuwa Havasupai Gardens kwa ombi la Wahavasupai wenyewe.